Nukta za Watu wa Mbali

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye wiki hii ameketi mbele ya daktari na kuambiwa kwamba figo zake hazifanyi kazi tena. Sitakuambia utapona. Mimi sijapona, na sitarajii. Ninachoweza kukueleza ni jinsi siku zinavyokwenda, maana hilo ndilo nililotaka kujua wakati ule na sikupata wa kunieleza. Pia nina jambo moja nililolifanya vibaya, na sitaki kulificha nikijifanya mtu wa kutoa mawaidha.

Naitwa Awuor. Nilizaliwa Asembo Bay, nikaolewa Kisumu, na nyumba yetu iko Mamboleo, nyuma ya barabara, mahali ambapo malori husikika mchana kutwa. Kazi yangu ilikuwa takwimu. Watafiti walikwenda vijijini wakapima urefu wa watoto, wakauliza akina mama maswali, halafu mimi nikaletewa majibu kwenye faili, safu juu ya safu. Niliandika maagizo ya kompyuta yaliyogeuza safu hizo kuwa picha za kulinganisha makundi: watoto wa upande huu na wa upande ule, waliopata dawa na wasiopata. Mara nyingi nilichora visanduku. Kila kundi lina kisanduku chake. Ndani yake wamo nusu ya watu, wale wa katikati, na mstari unaokikata unaonyesha katikati kabisa, nusu ya watu juu yake na nusu chini yake. Ukiweka visanduku viwili kando kwa kando, hata mtu asiyependa hesabu anaona kundi lipi liko juu na lipi liko chini. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na niliipenda.

Miguu ilianza kuvimba mwanzoni mwa mvua ndefu. Nilidhani ni kukaa sana kwenye kiti. Mume wangu, ambaye mtaani wanamwita Baba Hawi kwa jina la binti yetu mkubwa, alininunulia viatu vya wazi. Halafu chakula kikaanza kuwa na ladha ya sarafu. Nilikuwa nikisonga ugali, harufu inanipanda, nakimbilia nje kutapika. Majirani walitabasamu wakidhani nimepata mimba. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa wiki mbili, na niseme ukweli, zilikuwa wiki nzuri.

Mvua ilipokatika nilikuwa nimelazwa, na mrija umeingizwa shingoni mwangu. Daktari alisema presha imekula figo zangu miaka mingi bila kelele. Alisema nitaunganishwa kwenye mashine ya kuosha damu Jumatatu na Alhamisi, masaa manne kila mara. Nilimuuliza mpaka lini. Akafunga faili na kusema, "Tuanze kwanza, Mama."

Hawi, aliyekuwa na miaka kumi wakati huo, alikuja kuniona na hakuthubutu kunisogelea. Alisimama mlangoni akauangalia ule mrija. Mdogo wake, Pendo, alipanda kitandani moja kwa moja, akauliza kama ninaweza kunywa soda kupitia shingo.

Nieleze chumba cha kungojea, kwa sababu utakaa humo zaidi ya unavyokaa sebuleni kwako. Chetu kilikuwa na mabenchi matatu ya mbao, televisheni iliyoonyesha mahubiri bila sauti, na mizani. Mizani ndiyo iliyotawala. Sisi hatukojoi, au twakojoa matone tu, kwa hiyo kila tunachokunywa hubaki mwilini. Unapanda mizani, muuguzi anasoma kilo zako kwa sauti, anatoa uzito wako wa mwili mkavu, na kinachobaki ni maji uliyoyabeba tangu siku ile ya mwisho. Kila mtu anasikia. Ukiwa umebeba mengi, watu wanakuangalia kama mlevi. Nilikuwa nimeruhusiwa nusu lita kwa siku, ikiwemo chai na mchuzi. Nilijifunza kusukutua na kutema. Nilijifunza kunyonya kipande cha barafu hadi kiishe nikitazama kitu kingine.

Orodha ilikuwa rahisi: anayefika kwanza hupanda mashine kwanza. Mashine zilikuwa tano. Mimi niliyetoka Mamboleo nilifika alfajiri, nikapanda raundi ya asubuhi, na saa saba mchana nilikuwa ofisini, dhaifu lakini nimo. Waliotoka mbali, ufuoni mwa ziwa, walifika jua limeshapanda. Wao walipata raundi ya mchana, wakashuka giza likikaribia, magari ya kwao yakiwa yamekwisha kuondoka.

Kiti kilicho jirani na changu siku ile ya kwanza kilikuwa cha Mzee Okumu. Alikuwa mchuuzi wa samaki wa Port Victoria, mrefu, miguu myembamba kama fito, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwenye joto. Siku hiyo alikuwa amelala mjini kwa binti yake ndiyo maana alipata raundi ya asubuhi. Aliniona nikiangalia damu yangu ikizunguka kwenye mipira.

"Nyathina," aliniambia, yaani mtoto wangu, "usiangalie hiyo damu. Itakupea kizunguzungu. Angalia ukuta."

"Ukuta una nini, Mzee?"

"Hauna kitu. Ndiyo uzuri wake."

Baadaye binti yake alihamia Nairobi, na Mzee Okumu hakuwa tena na pa kulala mjini. Akawa mtu wa raundi ya mchana. Tulikuwa tunapishana mlangoni, mimi natoka na pamba mkononi, yeye anaingia. Kila mara alisimama kunisalimia, na kila mara aliniambia nimenenepa, ingawa sote tulijua ni maji.

Mwili ulibadilika kuliko nilivyoambiwa. Ngozi ikawa nyeusi ya majivu. Nilijikuna mpaka shuka zikawa na madoa ya damu. Hedhi ilikatika, na pamoja nayo kitu kingine kati yangu na Baba Hawi ambacho hatukukizungumzia. Walinipasua mkono wa kushoto wakaunganisha mishipa ili sindano zipate pa kuingilia, na tangu hapo mkono huo unanguruma. Ukiweka kiganja juu yake unasikia kama nyuki ndani ya mzinga. Hawi aliugusa siku moja, akauondoa mkono wake haraka, akaenda kunawa.

Baba Hawi hakuwa mbaya. Alipika, alifua, alipiga pasi sare za watoto, asubuhi akaenda kufundisha. Lakini aliacha kuniuliza ninajisikiaje. Nilipomlalamikia, alisema kwa sauti ya chini, "Mama Hawi, nikikuuliza utanijibu. Na mimi sina cha kufanya na jibu." Nilimchukia kwa wiki nzima kwa kusema kweli.

Msimu wa kiangazi dada yangu Atieno alijitolea kunipa figo. Tuko wawili tu kwa mama yetu. Alipimwa, na damu zetu zikapatana. Siku aliponipigia simu kunieleza, nilikuwa ofisini, nikaingia chooni nikalia nikiwa nimeziba mdomo na leso. Kwa wiki tatu nilikuwa mtu mwenye kesho. Niliota ninakunywa maji kwenye kata, kata nzima.

Tulikwenda Asembo kumweleza Mama. Alitusikiliza mpaka mwisho, akiendelea kuchambua dagaa wa omena kwenye ungo. Kisha akauweka ungo chini.

"Watawapasua nyinyi wawili siku moja?"

"Siku moja, Mama," Atieno akasema. "Lakini mimi nitatoka baada ya siku chache. Watu huishi na figo moja."

"Na presha ya Awuor ilitoka wapi? Si kwa baba yenu? Wewe umetoka kwa baba gani?"

Atieno akaanza kuokota omena waliodondoka.

"Nina watoto wawili," Mama akasema. "Mmoja ni mgonjwa. Sitampa ugonjwa huyu mwingine kwa mkono wangu. Awuor, nisamehe. Ukitaka unilaani, nilaani. Lakini Atieno halali kwenye kile kitanda mimi nikiwa hai."

Nilitegemea Atieno atabisha. Ana miaka thelathini na minne, ana watoto, ana kazi yake. Alikaa akiangalia mikono yake. Tuliporudi barabarani aliniambia, "Mpe muda." Nikampa muda. Atieno akaanza kuwa na shughuli nyingi, simu zikapungua, na mvua zikarudi. Sikumuuliza tena. Nikikuambia nimemsamehe nitakuwa nakudanganya. Nikikuambia simwelewi, hilo pia ni uongo.

Sasa nifike kwenye jambo nililotaja mwanzoni.

Msimamizi wa kitengo chetu alikuwa Sista Nekesa, muuguzi mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mikono mepesi kuliko wote kwenye sindano. Alijua kazi yangu. Siku moja akiwa ananichomeka sindano alisema, "Awuor, wakubwa wanataka ripoti. Wanataka kujua wagonjwa wa mjini na wa mbali wanaendeleaje. Mimi nina daftari za kilo za miezi sita. Unaweza kunichorea kitu?"

Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, kuna mtu aliyetaka kitu kutoka kwangu. Aliomba kibali, majina yakafutwa, kila mgonjwa akabaki namba, na nikapewa faili. Niliwagawa watu makundi mawili: Karibu, wanaoishi mjini na pembezoni, na Mbali, wanaotoka ufuoni. Kwa kila mtu nikatafuta wastani wa kilo za maji anazokuja nazo. Kisha nikaandika maagizo na kuchora visanduku viwili.

Mistari ya katikati ilikuwa karibu sawasawa. Kisanduku cha Mbali kilikuwa kirefu kuliko kile cha Karibu, na hilo lingetosha kunishtua siku nilipokuwa mzima. Lakini nilikuwa nimechoka, na mstari ulikuwa pale pale. Nikampa Sista Nekesa ile picha.

"Kwa hiyo wako sawa?" akauliza.

"Kwa katikati, wako sawa."

"Asante Mungu," akasema, akaibandika ofisini kwake.

Ule urefu wa kisanduku ulinisumbua. Jumamosi, watoto wakiwa nje wanacheza, nilifungua tena ile faili na kuongeza mstari mmoja wa maagizo, ule unaoweka nukta kwa kila mtu juu ya kisanduku chake na kuzisukuma kidogo kando ili zisilaliane. Ndicho kitu cha kwanza nilichokuwa nikiwafundisha vijana wapya ofisini: msiamini kisanduku kabla hamjawaona watu. Mimi mwenyewe sikuwa nimefanya.

Nukta za Karibu zilikusanyika kuzunguka mstari, kama watu waliozunguka meza. Nukta za Mbali zilijigawa mara mbili. Kulikuwa na rundo chini, watu wanaobeba maji kidogo sana, na rundo juu, watu wanaobeba maji ya kutisha. Kati ya marundo hayo hapakuwa na kitu. Mstari wa katikati ulipita mahali ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilibadilisha aina ya picha, nikachora umbo linalonenepa penye watu wengi na kukonda penye wachache, likatoka kama kibuyu kilichobanwa kiunoni.

Nilijua maana yake bila kuuliza. Wa chini ni wale wenye ndugu mjini. Wanalala, hawakosi siku, na wanajinyima maji kwa woga. Wa juu ni wale wasio na pa kulala. Raundi ya mchana ikishawaangusha gizani mara mbili tatu, wanaanza kuruka Alhamisi. Wanakaa wiki nzima na maji yao. Majina yalikuwa yamefutwa, lakini mwaka mzima nilikuwa nimesikia kilo za watu zikisomwa kwa sauti. Mwenye nukta ya juu kabisa nilimjua ni nani. Ni yule aliyeniambia niangalie ukuta.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa wazi nayo: watu wa mbali wapewe raundi ya asubuhi, wa mjini waende mchana. Lakini mimi ni wa mjini. Raundi ya mchana ingeniondolea kazi, na kazi ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichobaki ambacho hakikunukia hospitali. Kwa hiyo niliihifadhi ile picha kwenye kompyuta na sikumwonyesha mtu. Nilijiambia data ni chache. Nilijiambia nichunguze zaidi kwanza. Mtu anayejua takwimu ana visingizio vingi kuliko mtu wa kawaida, na vyote vinaonekana vya heshima.

Niliikalia wiki nne.

Wiki ya tatu, Mzee Okumu alifika mapema kidogo akanikuta bado niko kwenye kiti, kompyuta mapajani. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu alivivaa kama ndara, akikanyaga visigino. Alikaa pembeni yangu akihema.

"Sista anasema wewe unatuchora," alisema. "Hebu nione."

Nilipaswa kumwonyesha visanduku. Sijui kwa nini niliifungua ile nyingine. Labda nilitaka mtu mwingine aione.

Aliitazama muda mrefu. "Hii ni watu?"

"Kila nukta ni mtu, Mzee."

"Na sisi wa huko mbali ni hawa? Mbona tumekaa kama tumegombana?"

"Wengine wanabeba maji mengi, wengine kidogo."

"Mimi ni gani?"

Niliweka kidole kwenye nukta moja ya rundo la chini. "Huyu."

Alicheka bila sauti, mabega yakatikisika. "Apana, nyathina. Huyo ni mtu hajakosa Alhamisi. Mimi niko huku." Akanyoosha kidole chake kirefu, akagusa ile ya juu kabisa. Ukucha wake ukaacha alama kwenye kioo. "Unajua mimi naamka kwa maji, nauza samaki ya maji, nalala nasikia maji. Na naambiwa nikunywe kikombe moja. Hii nukta ni yangu. Usinipee ya mtu mwingine."

Alinipigapiga begani taratibu, akaenda kwenye mizani. Nilisikia kilo zake zikisomwa. Nilifunga kompyuta.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Jumatatu hakuja. Jumatano mwanawe alimpigia simu Sista Nekesa: Mzee alikuwa ameshindwa kupumua, walimweka kwenye gari wampeleke hospitali iliyo karibu, akakata roho njiani, ameketi wima kwa sababu hakuweza kulala.

Alhamisi Sista alitutangazia akiwa amesimama katikati ya mashine. Hakuna aliyelia. Tulikuwa tumefungwa kwenye mipira, huwezi hata kuinamisha kichwa vizuri. Mwanamke aliyekuwa kiti cha dirishani alianza kuomba kwa Dholuo, lugha yetu ya Kijaluo, kwa sauti ya kawaida kama anayezungumza na jirani.

Aliponichomoa sindano siku hiyo nilimwambia Sista Nekesa nataka kuongea naye. Nilimwonyesha picha. Nikamwambia nimekuwa nayo tangu lini.

Aliangalia picha, akaniangalia mimi. "Wiki nne?"

"Ndiyo, Sista."

"Kwa sababu ya raundi ya asubuhi?"

"Ndiyo."

Nilitaka anigombeze. Alivua tu glavu zake moja moja, akazitupa. "Mimi niliona hizo kilo kila siku, Awuor. Nilizisoma kwa mdomo wangu. Sikuhitaji picha." Akakaa kitini na kufunika uso wake.

Tulikwenda pamoja kwa mkurugenzi. Alikuwa na haraka. Aliiona picha ya visanduku kwanza, akasema, "Lakini katikati wako sawa. Tatizo liko wapi?" Nikamwekea nukta. Nikamwambia hakuna mtu anayeishi kwenye ule mstari wa katikati. Tumepima mahali patupu. Aliuliza maswali mawili matatu. Akasema wa mjini watalalamika. Nikamwambia mimi ni wa mjini, na nitakuwa wa kwanza kuhama.

Waliridhia. Viti vya asubuhi vikatengewa watu wa mbali. Mimi nikahamia mchana. Baada ya miezi miwili mkataba wangu ofisini ulifika mwisho na hawakuuendeleza. Waliniaga vizuri, wakakata keki ambayo sikuweza kula. Baada ya miezi mitatu nilichora tena, na rundo la juu lilikuwa limepungua. Watatu walikuwa wameshuka. Nilitazama pale ambapo nukta ya Mzee Okumu ingekuwa, pakiwa peupe. Kwenye hesabu, mtu akifa kundi lake huonekana limepata nafuu. Niliandika hilo kwa maneno chini ya picha, ili asije mtu akajisifia.

Halafu, mvua fupi zilipoanza, mashine mbili ziliharibika. Zikabaki tatu. Orodha ikavurugika, watu wakaanza tena kulala foleni, na anayefika kwanza akarudi kupanda kwanza. Sista Nekesa alipigana, kisha akahamishwa kituo kingine. Vipuri vinangojewa. Vilingojewa msimu mzima na vingali vinangojewa ninapoandika. Kati ya wale watatu walioshuka, mmoja amefariki. Alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea huko ufuoni. Wawili siwaoni tena na sijui walipo.

Hivyo ndivyo siku zilivyo. Vitu vidogo vipo, sitakunyima. Kuna muuguzi mpya anayepasha sindano kwenye kiganja chake kabla ya kuichomeka. Kuna Pendo, ambaye huweka sikio kwenye mkono wangu unaonguruma na kuniambia nyuki wanasema nini. Baba Hawi siku moja alikuja kitengoni bila kuambiwa, akakaa masaa manne akisahihisha madaftari kando yangu, na tulirudi nyumbani tukiwa tumeshikana mikono kama vijana. Na kama una nafasi ya kuuliza lolote pale ulipo, usiulize wastani wa watu. Uliza watu wako wapi, mmoja mmoja. Na ukiwa wewe ndiye unayejua, usikae nalo.

Jumatatu ya wiki iliyopita Mama alikuja kutoka Asembo. Hakuwa amewahi kukanyaga kitengoni. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na kitambaa cheupe, na alibeba mfuko wenye ndizi ambazo siruhusiwi kula. Walimpa kiti cha plastiki kando yangu. Aliangalia sindano zikiingia, akaangalia damu ikitoka na kurudi. Nilitaka kumwambia aangalie ukuta, lakini alikuwa haangalii pembeni hata kidogo.

"Inauma?" akauliza baada ya muda.

"Mwanzoni tu."

Alinivutia blanketi mpaka kifuani, akalikunja ukingo kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. Hakutaja jina la Atieno, na mimi sikulitaja.

"Inachukua muda gani?"

"Masaa manne, Mama."

Akahesabu kwa vidole, akatazama saa ya ukutani, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika kwamba hilo linavumilika. "Na baada ya masaa manne, utakuwa umepona?"

"Baada ya masaa manne tunakwenda nyumbani," nikamwambia. "Halafu ni Alhamisi."